Saa Saba ya Kwenye Skrini

Shemeji yangu alifukuzwa kazi kwa kosa lililotokea zaidi ya saa tano kabla hajafika kazini.

Rudia kusoma taratibu. Kosa lilikuwa limeshazaliwa na limeshaota meno, yeye bado yuko kwake anatafuta soksi.

Na aliyemtwika kosa hilo ni mimi. Sikutunga uongo wowote. Nilisoma tu saa iliyokuwa imeandikwa kwenye skrini, kwa sauti, mbele ya watu, halafu nikanyamaza.

Hii ni ya wiki iliyopita, bado ina moto. Naiandika hapa kwa sababu wenzangu wa kazi hii mpo wengi humu, na kwa sababu nyumbani kwangu sasa hivi hakuna mtu wa kuongea naye.

Haya, niwapange.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye hospitali moja ya binafsi, ya ghorofa mbili. Si yule wa kubadilisha wino wa printa, ingawa hilo nalo hunifuata kila mara. Mimi ndiye mwenye seva, ile kompyuta mama inayozihudumia nyingine zote. Chumba chake kiko mwisho wa korido, kimebanana na stoo ya mashuka, na ufunguo wake nilikuwa nautundika shingoni kama medali. Nilikuwa najisikia, siwafichi.

Ndani ya seva hiyo, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, kuna huduma niliyoisimika mwenyewe nikaipa jina la majibu. Maabara ikimaliza vipimo, huduma hiyo inachukua majibu na kuyapeleka kwenye kompyuta za madaktari, kisha inamtumia mgonjwa ujumbe wa simu kwamba majibu yake yako tayari. Ikizima, watu wa maabara wanapanda ngazi na karatasi mkononi.

Sasa shemeji.

Ni mdogo wake mke wangu, kitindamimba wa kwao. Fundi wa viyoyozi. Tunamwita Kipupwe, kwa sababu popote anapoingia lazima papoe. Ana maneno mengi. Akifungua kiyoyozi anakisemesha kama mtoto mgonjwa: "Pole mama, umebanwa kifua, ngoja tukusafishe."

Kwa muda mrefu Kipupwe alizunguka mjini na begi la spana, leo kazi ipo, kesho haipo. Mke wangu akanikalia shingoni.

"Baba Pacha, yule ni damu yangu. Hapo kazini kwenu viyoyozi vinakohoa kila siku. Sema neno."

Nikasema neno. Kipupwe akapewa viyoyozi vya hospitali nzima, kazi yake ya kwanza inayoeleweka. Na alikuwa anaihitaji kuliko tulivyodhani, maana wazazi wa mchumba wake walishamwambia wazi: mtu asiye na kazi ya kudumu asipoteze muda kuja kuongea nao. Baada ya kupata ile kazi, wakampa siku. Jumamosi.

Shikeni hiyo Jumamosi.

Bosi wetu ni daktari mkuu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini. Hapigi kelele. Akikasirika ndiyo anazidi kushusha sauti, mpaka unajikuta umeinama na kutega sikio ili usikie vizuri unavyogombezwa.

Siku moja kabla ya mkasa alinitumia ujumbe: "Kijana, wagonjwa watumiwe taarifa saa kumi jioni. Tukiwatumia mapema wanajaa mapokezi."

Kesho yake asubuhi nikakaa mezani kwangu, nikafungua faili la mipangilio. Nikanakili yale maneno yake, "saa kumi jioni", nikayabandika kwenye mstari wa saa ya kutuma ujumbe. Nia yangu ilikuwa kuyageuza hapohapo yawe 16:00. Mashine haijui jioni wala alfajiri. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua likichomoza, yenyewe inaanza usiku wa manane.

Kabla sijageuza, simu ikalia. Kipupwe.

"Shem, nisamehe sana. Nilisema nakuja asubuhi kwenye kile kiyoyozi cha chumba chako, lakini kuna mtu friji lake limezima na ana nyama za wateja ndani. Nitafika mchana. Saa saba."

"Saa saba kweli, au ile saa saba yako inayofika saa tisa?"

"Saa saba ya watu, shem!"

Tukacheka. Nikakata simu bado nacheka. Mkono ukahifadhi faili, ukaiamuru huduma ijizime na kujiwasha upya, nikainuka kwenda kunywa chai.

Sikukaa kuangalia kama imewaka.

Mimi huyu, ambaye kila siku nawahubiria wenzangu: ukiwasha kitu, subiri ukione kimewaka ndipo uondoke.

Mnaweza kuuliza mbona hakuna aliyegundua mapema. Maabara yetu huchukua vipimo asubuhi, majibu yanaanza kutoka baada ya chakula cha mchana. Asubuhi huduma ile ikifa, inakufa kimyakimya.

Saa nane mchana dada wa mapokezi akanipigia.

"Kaka, kimenuka huku. Majibu hayaji. Madaktari wanafungua kompyuta hawaoni kitu, wagonjwa wananitolea macho mimi."

Sijaweka simu chini, bosi huyu hapa nyuma ya kiti changu. Dada wa mapokezi naye kamfuata.

"Kuna nini?"

"Naangalia, mama."

Nikaandika amri ambayo kila fundi wa Linux huanza nayo: systemctl status majibu. Ikaja rangi nyekundu. Imeshindwa. Chini yake mistari michache ya kumbukumbu, ule wa mwisho ukisema huduma imejaribu kuwaka mara nyingi mno, sasa imezuiwa kujaribu tena.

Kwa wasiojua, hapo ndipo wengi wanapopotelea. Amri ile inakuonyesha mistari ya mwisho tu. Ni kama jirani anayefika msibani watu wanatoka makaburini: anajua kuna mtu amekufa, kilichomuua hakijui.

"Imekufa saa ngapi?" bosi akauliza.

Pembeni ya mstari paliandikwa 07:40.

"Saa saba na dakika arobaini," nikasema.

Hapo naomba mniamini, kwa sababu ndipo pekee ninapoweza kuomba hivyo. Haikuwa hila. Sisi watu wa mashine tumezoea kusoma tarakimu kama zilivyokaa. Macho yanaona saba na arobaini, mdomo unasema saba na arobaini.

"Saa saba na dakika arobaini," bosi akarudia polepole. "Si muda mrefu. Nani alikuwa kwenye chumba cha seva?"

"Fundi wa viyoyozi, mama," dada wa mapokezi akajibu. "Kachukua ufunguo wa akiba saa saba, hajatoka mpaka sasa."

Nikageuka nirekebishe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: mama, hiyo ni saa moja asubuhi, saa saba mchana mashine ingeandika kumi na tatu.

Lakini bosi alikuwa amemgeukia dada wa mapokezi, anamuuliza kuhusu wagonjwa. Nikasema ngoja kwanza nione chanzo, nimwambie vyote kwa pamoja. Nikaandika amri ya pili, journalctl -u majibu, ile inayoleta kumbukumbu zote za huduma hiyo, si mkia peke yake. Nikapanda juu, nikapita yale makelele ya kujaribu na kushindwa, kujaribu na kushindwa, mpaka pale lilipoanzia.

Nikauona.

Mstari mmoja. Faili la mipangilio, saa isiyoeleweka. Na katikati ya Kiingereza chote kile cha mashine, ndani ya alama za kunukuu, maneno matatu ya Kiswahili:

"saa kumi jioni"

Damu ilinishuka mpaka kwenye soksi.

Mtu yeyote hospitalini angeusoma mstari ule akaelewa. Hata mfagizi. Bosi ndiyo kabisa, maneno ni yake mwenyewe, alinitumia jana. Alikuwa hatua moja nyuma ya bega langu.

Kidole kikabonyeza. Maandishi yakafutika, skrini ikawa tupu.

"Umeona nini?" bosi akauliza.

"Bado naangalia, mama."

"Huyo fundi si ndugu yako?"

"Shemeji yangu, mama."

"Niitie."

Ndugu zangu, pale nilikuwa na nafasi. Sentensi moja fupi. Mdomo ulikuwa wangu na hakuna aliyeushika. Nikaondoka mbio badala ya kuongea, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kitu cha kutisha zaidi: kwenye chumba cha seva nilitundika skrini ukutani, inayoonyesha kumbukumbu za huduma ile moja kwa moja. Niliitundika kwa mbwembwe, ili wageni wakipitishwa waone hospitali yetu ni ya kisasa.

Nikamkuta Kipupwe juu ya ngazi yake fupi, anarudishia mfuniko wa kiyoyozi, skrubu mbili kazibana kwa midomo. Na ukutani, mekundu kama nyanya, yale maandishi yote. Maneno matatu ya Kiswahili yamekaa katikati, hayana aibu.

Nikanyoosha mkono nikaizima skrini.

Kipupwe akatoa skrubu mdomoni.

"Shem, ulipata ile..."

"Baadaye. Bosi anakuita."

Akaniangalia. Akaiangalia skrini iliyozimwa. Akashuka kwenye ngazi, akafuta mikono kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja.

Kwa bosi haikuchukua muda.

"Umegusa nini kwenye chumba cha seva?"

"Kiyoyozi, mama. Vya seva sikugusa."

"Huduma ya majibu imekufa saa saba na dakika arobaini. Ulikuwa humo ndani peke yako."

"Saa saba na dakika arobaini?" Kipupwe akauliza.

"Ndivyo alivyosoma shemeji yako."

Akanigeukia. Mimi nilikuwa naitazama printa.

"Shem?"

Nikajikohoza. "Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Na kweli ndivyo ilivyoandikwa! Mnaona ubaya wa jambo hili? Ukinipeleka popote kuapa, neno lile lingesimama. Nilimuuza mtu kwa ukweli mtupu.

Kipupwe akainamisha kichwa, akaonekana anahesabu kitu moyoni. Halafu akasema, "Basi huenda nimegusa, mama. Chumba chenyewe chembamba, na begi langu kubwa. Samahani sana."

Sauti ya bosi ikashuka mpaka chini kabisa. "Acha kitambulisho mapokezi. Nitatafuta fundi mwingine."

Nikarudi mezani, nikageuza yale maneno kuwa 16:00, nikawasha huduma, ikawaka mara moja. Ghorofa ya juu daktari mmoja akapiga makofi. Dada wa mapokezi akaniletea soda, "ya kaka aliyetuokoa." Nikainywa. Ndiyo, niliinywa yote.

Kisha bosi akataka taarifa ya maandishi.

Hapa sina pa kujificha kabisa. Madaktari wanaandika saa kwa mtindo wa ishirini na nne kila siku, kwenye kila karatasi ya mgonjwa. Ningeandika 07:40, angeiona tu akajua ni asubuhi. Kwa hiyo nikaandika kwa maneno: "Huduma ilizima saa saba na dakika arobaini." Herufi kwa herufi, nikijua ninachofanya. Ile ya kwanza ulikuwa ulimi. Hii ilikuwa mimi.

Nikafika nyumbani jioni. Habari zilikuwa zimetangulia.

Mke wangu alinipokea mlangoni, akanivua begi begani, kitu ambacho hajakifanya tangu tuoane.

"Nisamehe, Baba Pacha."

"Kwa lipi?"

"Mimi ndiye niliyekusukuma umtafutie kazi. Kakuaibisha mbele ya wakubwa zako. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Ningepewa kofi ningeshukuru.

"Usijali," nikamwambia. "Yamepita."

Nilimsamehe mke wangu, jamani. Kwa kosa langu.

Akachukua simu, akampigia mdogo wake, akaweka sauti kubwa ili nisikie haki ikitendeka. Alimpasha. Alimwita mzembe, alimwita mtu asiyebebeka. "Jumamosi utawaambia nini wazazi wa binti wa watu? Utawaambia ulipewa kazi na shemeji yako ukaenda kuivuruga?"

Kule upande wa pili ile sauti ya Kipupwe, ndogo kuliko ninavyoijua: "Nisamehe, dada. Mwambie shem anisamehe na yeye."

Mezani mke wangu akaniwekea paja la kuku, lile ambalo pacha huwa wanaligombania.

"Mjomba ameharibu kompyuta ya baba?" mmoja akauliza.

"Kula," nikamjibu.

Mimi mwenyewe sikuweza. Kila nikitafuna, nyama inazidi kuwa nyingi mdomoni.

Asubuhi nilikuwa mezani nasubiri chai, nachezea simu ili nisimwangalie mtu usoni. Nikafungua mazungumzo yangu na Kipupwe. Sijui nilitaka kumwandikia nini. Nikakuta ujumbe wa sauti, wa jana mchana, muda uleule alipofika kazini. Sikuwa nimeusikiliza.

Nikaubonyeza bila kufikiri. Simu ilikuwa bado kwenye sauti kubwa, pacha walikuwa wameitumia kuangalia katuni.

Sauti ya Kipupwe ikajaa sebuleni, ina kicheko ndani yake:

"Shem, nimefika, saa saba ya watu hii! Sikiliza, sijagusa kitu, lakini hii skrini yako ya ukutani imejaa maandishi mekundu. Inaandika saba arobaini, si ndiyo asubuhi ile tulipokuwa tunaongea kwenye simu? Halafu katikati ya Kiingereza kuna Kiswahili, 'saa kumi jioni'! Shem, nimecheka mpaka nimeshika ukuta. Hicho si chako hicho? Njoo ukitoe haraka kabla wakubwa hawajakiona, wasije wakakuharibia jina. Usijali, mimi simwambii mtu."

Ikaisha.

Simwambii mtu. Na hakumwambia mtu.

Aliujua ukweli wote kabla yangu. Aliposimama mbele ya bosi, ushahidi wa kumtoa ulikuwa mfukoni mwake, kwenye simu, kwa sauti yake mwenyewe. Angebonyeza tu. Akaniuliza "Shem?" akanipa nafasi ya mwisho, nami nikaitazama printa.

Mke wangu alikuwa amesimama na birika mkononi. Akaliweka mezani taratibu.

"Irudie."

Nikairudia.

"Saa saba arobaini ya kwenye skrini ni asubuhi," akasema. Haikuwa swali.

"Ndiyo. Saa moja na dakika arobaini."

"Ulijua jana."

"Ndiyo."

"Nilipokuwa namtukana mdogo wangu, umekaa hapo hapo kwenye hicho kiti, ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Mama Pacha."

"Nikakuomba msamaha. Ukaupokea."

Akalisukuma birika pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vaa viatu."

Nilifika kwa bosi na karatasi moja. Nilikuwa nimechapa kumbukumbu zote za huduma ile, kuanzia mwanzo, na ule mstari nimeupigia duara. Akavaa miwani.

"Saa kumi jioni," akasoma. "Haya ni maneno yangu."

"Ndiyo, mama. Niliyabandika nikasahau kuyageuza."

Kidole chake kikateleza mpaka pembeni. "Na hii ni asubuhi."

"Ndiyo, mama."

Akavuta droo, akatoa taarifa yangu ya jana, akaziweka pamoja. Sauti ilipotoka ilibidi niiname.

"Kwenye taarifa uliandika kwa maneno."

"Ndiyo, mama."

"Mashine kuzima ni mambo ya kazi. Kwa hili duara ningekucheka, nikakusamehe kabla ya chai. Wagonjwa walisubiri, lakini hakuna aliyedhurika. Hii karatasi nyingine sijui niiite nini." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nikauvua shingoni. Shingo ikawa nyepesi, kwa namna mbaya.

Hakunifukuza. Seva kapewa mwenzangu aliyekuja juzijuzi. Mimi sasa nabadilisha wino wa printa, ghorofa zote mbili. Ile printa niliyokuwa naitazama siku ile ndiyo inayosumbua kuliko zote.

Bosi alimpigia Kipupwe mwenyewe, mbele yangu, akamwomba radhi na kumrudishia kazi. Mimi nikaenda kwake kwa miguu yangu. Nilimkuta uani, amekaa juu ya ndoo, anasafisha feni ya mtu kwa mswaki.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza baada ya kuomba msamaha wote ninaoujua.

Akaendelea kusugua.

"Shem, niliona mkono wako ulipoizima ile skrini. Nikajua umeshasoma. Umeshasoma, na umeshachagua. Sasa mimi nibishane na nani?"

"Ungenichoma tu. Nilistahili."

"Ningekuchoma, wale pacha wangekula wapi? Hawali kwangu, wanakula kwako."

Nikalia. Kwenye ua wa watu, mchana kweupe, mtu mzima na ndevu zangu. Kipupwe akanipa kile kitambaa chake cha kufutia mikono, kikanipaka grisi mashavuni, na hakunicheka. Kipupwe ninayemjua angecheka.

"Umenisamehe?" nikauliza.

"Bado, shem. Nikishakusamehe nitakwambia."

Jumamosi alikwenda kwa wazazi wa mchumba wake. Mke wangu alimsindikiza, na pacha wakavalishwa nguo mpya. Nasikia yalikwenda vizuri. Mimi nasikia tu, kwa sababu sikuambiwa nijiandae.

Haya, somo, maana najua mmekuja kulichukua.

Huduma ikikataa kuwaka, usiishie kwenye mistari michache ya mwisho. Itisha kumbukumbu zote za huduma hiyo, panda juu, pita kelele za kujaribu na kushindwa, tafuta kosa la kwanza. Angalia saa yake, na uisome kama binadamu. Chanzo huwa kiko pale, na mara nyingi kina alama za vidole vyako mwenyewe. Ukishakiona, mwonyeshe aliyesimama nyuma yako. Usifute skrini. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mimi sikujua kwamba kata ilikuwa tayari imeshachota, ikaamua kunyamaza kwa heshima yangu.

Na mtu akikuuliza "Shem?" mbele ya watu, jibu swali lake.

Leo asubuhi Kipupwe ameandika kwenye kundi letu la kazini. Ile kazi ya kiyoyozi cha chumba cha seva haikuisha, skrubu zilibaki. Yule ambaye kila siku alikuwa ananiambia "saa saba ya watu" na kucheka, safari hii kaandika hivi:

"Nakuja kesho saa saba mchana. 13:00."

Kaandika mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu.